Mti wa Sita wa Mapeasi

Nilitoka Lubumbashi kwa treni hadi Kalemie, nikangoja boti siku tisa, nikashuka Uvira nikiwa na homa. Nilikaa Mulongwe, mtaa wa huko, mpaka maji ya ziwa yalipoingia chumbani. Sokoni nilifahamiana na mjane aliyeuza mapeasi ya shamba lake la milimani, juu ya Lubarika. Nilimwambia nimesoma kilimo sekondari. Akanichukua nimfanyie kazi.

Alikuwa na miti sita. Mitano ilizaa matunda makubwa, matamu. Yote ilitokana na mti mmoja: marehemu mumewe alibebesha vijiti vyake, akivipachika kwenye mashina mengine. Wa sita ulikuwa na miiba, na vitunda vigumu vyenye kukwaruza meno kama mchanga. Siku moja, mama yule akiwa sokoni, niliukata. Nilitaka arudi aone nafasi ya maharage na kazi ya mtu aliyesoma.

Msimu uliofuata maua yalifunguka, meupe pe. Kisha yakaanza kuanguka na vikonyo vyake. Hakuna kilichovimba.

Shemeji yake mama, ndugu wa marehemu, alikuwa amesema mbele ya ukoo: miti isipozaa mwaka huu, shamba atalichukua yeye, alime viazi. Jumapili alipita akiyachezea maua kwa fimbo.

"Shemeji, miti yako iko inavaa kama bibi arusi. Mimba iko wapi?"

"Ngoja. Hata weye, mama yako alikungojea."

Nilikuwa nikipalilia nilipomkumbuka mwalimu wetu wa kilimo. Mpeasi hauzai kwa unga wa maua ya aina yake. Lazima nyuki walete unga wa aina nyingine. Mitano yetu ilikuwa mti mmoja wenye vigogo vitano. Ule wa miiba ndio uliokuwa ukiizalisha.

Maua yaliyobaki yalikuwa ya siku chache. Juu zaidi, mwendo wa saa tatu, mfugaji mmoja alikuwa na mti wa mapeasi marefu ya kahawia. Nilimwomba matawi yenye maua.

"Watu wanaomba matunda, weye unaomba maua?"

Nikamweleza yote, hata nani aliyekata. Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaangalia mawingu. "Kata upande huu. Na ukimbie, mvua inakuja."

Mvua ilinikuta njiani, na nyuki hawatoki kwenye mvua. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito. Mama alinikuta nikining'iniza mtini bidoni la maji lenye yale matawi, nikalazimika kusema.

"Minye nilijua umekata mti," akasema. "Sikujua umekata nini."

Tulisimama tukitazama ukungu. Karibu na saa nne jua likatoka, nyuki wakaja.

Wiki tatu baadaye miti miwili iliyokuwa karibu na bidoni ilishika matunda. Mitatu haikushika kitu. Shemeji alifika na wazee wawili, akayatikisa. Hayakuanguka.

"Ni kidogo."

"Ukoo ulisema miti izae," mama akajibu. "Haukusema ndoo ngapi."

Wazee wakacheka, wakamshika shemeji mkono wakaondoka naye.

Kabla ya msimu kwisha nilibebesha kijiti cha mti wa mfugaji kwenye kila mti, nikafunga kwa mpira wa baiskeli. Mama alisubiri mpaka vikachipua.

"Basi sasa uende, baba. Kila nikienda sokoni, moyo unabaki huku kuangalia mikono yako."

Aliniwekea mihogo ya njiani. Nikateremka hadi Luvungi siku ileile, nikapanda pikipiki ya kwanza, bila kuuliza inaelekea wapi.