Neno Ambalo Mpokea Simu wa Zimamoto Halitamki Tena

Saa nne asubuhi simu inalia katika kituo cha zimamoto. Mwanamke anayeipokea, ambaye wenzake wanamwita Sauti, anasikiliza huku kalamu ikikimbia daftarini. Ghala la magodoro linaungua, na mpigaji anataka kuingia akatoe pikipiki yake.

Kwenye redio iliyo mezani, kamanda aliyeko kwenye moto ameshatangaza: "Anda kontroo."

Ni msemo wa Kiingereza ambao kikosi hiki huutumia kwa mioto mikubwa, kumaanisha kwamba moto umezuiwa kusambaa. Kuzimika, bado. Sauti haurudii.

"Bado unawaka, kaka yangu," anamwambia mpigaji. "Pikipiki utapata nyingine. Usirudi ndani!"

Kwa miaka kumi na mmoja aliusema bila kufikiri. Ulikuwa mtamu mdomoni, anakiri, na uliwatuliza watu papo hapo.

Miaka mitatu iliyopita soko la nguo lilishika moto. Mdogo wake, fundi cherehani, alimpigia akiwa nje, salama salimini.

"Dada, vipi huko? Wanasemaje?"

"Tulia, mdogo wangu. Moto uko anda kontroo."

Mdogo wake alishusha pumzi, akashukuru, akakata simu. Kisha akaingia kuokoa cherehani yake. Paa lilimwangukia akiwa ameikumbatia.

"Mimi nilijua maana yake, yeye hakujua," anasema Sauti, machozi yakimlengalenga. "Ningeongeza tu, usiingie. Neno moja!"

Kikosi hakikumlaumu. Kamanda alimwambia hakukosea hata kidogo, na hilo ndilo linalomuuma zaidi.

Sasa anaishi na binti wa marehemu, mwenye umri wa miaka tisa, anayemwita mama mkubwa. Mtoto ni mcheshi, humtania kwamba akiota usingizini huitikia "zimamoto, nikusaidie nini?" Lakini anaamini mama yake alirudi ndani kwa ukaidi, maana ndivyo ndugu walivyomweleza, na Sauti akanyamaza.

"Juzi kaniuliza, 'Mama mkubwa, kwani mama aliipenda cherehani kuliko mimi?' Nilikosa pa kuuweka uso wangu."

Shule zikifungwa mwezi ujao, anasema, atamkalisha kitandani na kumwambia ukweli. Amejaribu mara nyingi mbele ya kioo, akaishia njiani.

"Akinichukia, nitavumilia. Ila ajue mama yake hakumwacha. Aliniamini mimi."