Kome wa Asili wa Tsuruyo

Kila alichokishika, Tsuruyo alikigonga kwa ukucha na kusikiliza: bakuli dukani, tikiti maji, hata mlango wa jirani. Yalikuwa mazoea ya kazi yake ya kufuga kome wa lulu. Kome hai akigongwa hutoa sauti nzito. Aliyekufa hulia kama debe tupu.

Tuliishi jirani naye, kando ya ziwa dogo lililoungana na Ziwa Biwa. Tangu aolewe alikuwa akiwachana kome kwa kisu chembamba, akawapachika vipande vya nyama ya kome mwingine, kisha akawarudisha majini wakae miaka watengeneze lulu. Mumewe alipofariki alimwachia vizimba vya kome wa asili ya kwetu, naye akaapa hatawachanganya na wengine.

Miaka hiyo kome walikuwa wanakufa ovyo. Dawa za mashamba ya mpunga na povu la sabuni vilikuwa vimeharibu maji. Wafugaji wakakubaliana kuleta kome wa kigeni, wasiokufa upesi, wazae na wetu. Tsuruyo peke yake alikataa. Akahamishia vizimba vyake pembe ya mbali, penye matete.

"Dada Tsuruyo," Heikichi, mfugaji mwenzake, alimtania kutoka mtumbwini, "wanao bado hujawapatia wachumba wa ukoo bora?"

"Afadhali wazeeke kwangu kuliko nipate mkwe kama wewe."

"Watakufa wanawali."

"Piga kasia, Heikichi. Unanitibulia maji."

Lakini maji hayana ua. Mbegu za kome dume huchukuliwa na mkondo, na vichanga vyao husafiri vimeng'ang'ania samaki. Sote tulilijua hilo. Nadhani hata yeye.

Kiangazi kimoja nilirudi nyumbani kutoka Kyoto, ninakouza lulu dukani, nikamkuta kibandani amepanga kome wadogo mezani. Magamba yao yalikuwa manene, yamechongoka mgongoni. Hayakuwa ya kwetu.

"Huyu ni wangu?" aliniuliza. "Nimemtoa kwenye kizimba changu mwenyewe."

Akawapangua, akawapanga upya.

Kome wakongwe wachache waliobaki aliwatia kwenye pipa nyuma ya nyumba, akawa anawabadilishia maji asubuhi na jioni. Joto la Agosti likawamaliza. Baada ya hapo akafuga wale machotara kama wenzake, maana kazi nyingine hakuwa nayo. Lulu zao zilikuwa kubwa, za kung'aa. Hakuvaa hata moja.

Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kitandani, amekonda, anakohoa. Alinipa kifuko cha lulu hizo nizipeleke dukani. Nikamwambia wateja watafurahi, wanazipenda sana lulu za ziwa letu.

Akanishika mkono.

"Waambie ni nzuri, mwanangu. Kwamba ni za ziwa hili, usiwaambie."