Kikohozi Mlangoni mwa Msitu

Daktari alipomwambia mama yangu kwamba utando ulio machoni mwake utaendelea kutanda, aliniomba jambo moja tu: kumwona sokomutu, sokwe anayefanana na mtu, akiwa hai, msituni kwake, wakati bado anaona. Watu wa umri wake huomba kupelekwa kwenye makaburi ya wazazi wao. Mimi sikushangaa, kwa sababu nilijua ombi hilo lilikotoka.

Nilipokuwa na miaka saba hivi, baba, aliyekuwa mvuvi na mchuuzi wa chumvi katika vijiji vya kaskazini mwa ziwa, alirudi nyumbani kwetu Kalemie na mtoto wa sokomutu ndani ya kikapu cha ndagala. Wawindaji walikuwa wamemuua mama yake. Baba alitumaini kupata mnunuzi bandarini. Mama alimtazama yule mtoto mara moja, akamfunga mgongoni kwa kitenge, na habari ya mnunuzi ikaishia hapo. Alimlisha kama alivyotulisha sisi: alitafuna kiazi kitamu mpaka kikalainika, kisha akakitia katika kinywa chake kwa kidole. Majirani wakamwita Mama Sokomutu. Mmoja wao alikuja kila asubuhi kuuliza kama kitindamimba amekwisha kubatizwa, na mama alimjibu kwamba bado anatafutiwa msimamizi mwenye mikono mirefu kama yake.

Mtoto huyo wa sokomutu aliishi nasi mwezi na nusu. Mvua zilipoanza, sisi watoto tulikohoa, kisha mama, kisha yeye. Sisi tulipona. Mama alimzika nyuma ya jiko, amevikwa kitenge kile kile, na tangu siku hiyo aliamini kwamba alimuua kwa ndagala. Aliwahi kumwonjesha mchuzi wake, na tumbo la mnyama wa msituni, alisema, halikuumbwa kwa samaki wa ziwa. Nimemwona mara nyingi akisimama mbele ya sufuria ya ndagala, mwiko mkononi, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Mwaka jana tulipanda boti kuelekea kaskazini, hadi kituo cha hifadhi inayowalinda sokomutu wachache waliobaki katika milima ile. Siku mbili kabla ya kuondoka, mama alianza kukohoa, kikohozi kikavu, kidogo tu. Nakiri kwamba nilijua kanuni ya hifadhi: mwenye mafua au kikohozi haingii. Nakiri pia kwamba mimi, niliyepewa elimu ya chuo kikuu kwa jasho la mama huyu, nilimnunulia tangawizi na kumwagiza aitafune polepole na kukaza koo mbele ya walinzi. Alipouliza kwa nini, nilisema ni utaratibu wa ofisi tu. Niliogopa kwamba hatutapata safari nyingine kabla ya macho yake kufungika.

Mlinzi aliyetupokea alikuwa mwanamke wa makamo, binti wa mwindaji, kama alivyotueleza mwenyewe bila kuona haya. Alitugawia barakoa, akamketisha mama kwenye benchi, akasema kundi moja limeonekana ng’ambo ya bonde, kwenye mikuyu iliyozaa, mwendo wa saa moja. Kisha akauliza kama kuna anayekohoa. Nilijibu kwa niaba yetu sote wawili kwamba hakuna.

Mama ndiye aliyetaka kujua kikohozi cha watu kinawahusu nini wanyama.

“Kifua yao njo kama yetu, Mama,” mlinzi alisema. “Mafua yako inakupita siku tatu. Yeye inamuua.”

“Na kama muntu alikuwa anamutafunia chakula?”

“Hiyo njo mubaya kupita.”

Mama alitazama kidole alichomlishia yule mtoto.

“Haikuwa ndagala,” aliniambia.

Kisha akatoa tangawizi kinywani, akaifunga katika leso, na kumgeukia mlinzi. “Niko na kikohozi, mwanangu, tangu juzi. Huyu wangu alisoma sana, lakini uongo hawakumufundisha muzuri.”

Mlinzi hakunikaripia. Aliuliza tu kama nimekula sahani moja na mama. Nilikuwa nimekula. Akazichukua barakoa, akatuambia tubaki wote wawili kituoni, na mchana akatuletea bukari, ugali wa kwetu, na ndagala. Nilijaribu kuomba msamaha. Mama akanisogezea mchuzi na kuniambia nile, umepoa. Yeye mwenyewe alikula bila kusita, akaomba nyongeza.

Boti yetu ilikuwa bado haijarudi wakati sauti zilipoanza ng’ambo ya bonde. Kwanza moja, ya chini, kama mtu anayehema. Kisha nyingi, zikipanda mpaka zikawa vifijo. Mlinzi alisema kuna jike mwenye mtoto mchanga katika kundi lile. Mama aliomba barakoa moja, akaivaa, ingawa bonde zima lilikuwa kati yetu na wao. Niliona kikohozi kikimjia, mabega yakitetemeka, mkono umebana kifua. Alikizuia mpaka sauti zilipokoma. Safari hii hakuna aliyemwagiza.