Sahani Iliyobaki Imefunikwa

Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu maji tunayatafuta. Kyela maji yanakutafuta wewe. Tangu nihamishiwe kwenye nyumba yetu ndogo ya mabruda huku Mwaya, kila masika natembea roho juu, na wenzangu wananicheka. "Bruda, haya ni maji tu, hayang'ati," ananiambia mkuu wetu wa nyumba. Eti hayang'ati! Na mamba je?

Tuko wanne: mkuu, bruda anayefundisha sekondari, mimi fundi seremala, na bruda mzee tunayemwita Babu, mzaliwa wa hukuhuku, mwenye goti bovu na utani usiokwisha. Siku niliyofika ni yeye aliyenishika mkono akanivusha daraja la miti, maana nilikuwa nimegoma pale kama mbuzi anayepelekwa mnadani. Amenitania kwa hilo mpaka leo.

Kila mwezi tuna siku ya mafungo. Kuanzia chai ya asubuhi hadi masifu ya jioni, hakuna kuzungumza. Kila mtu anasali anapopenda, chumbani, kikanisani au shambani, na humuulizi mwenzako anakwenda wapi. Mezani nako ni kimya. Sahani zinapangwa zimefunikwa kwa sababu ya nzi. Ukikaa, unafunua yako. Anayefunga siku hiyo haji kula. Sahani yake inabaki imefunikwa na hakuna anayemfuata. Ndiyo desturi, na ni desturi nzuri, sikatai.

Siku ninayoikumbuka, kengele ya mchana ililia tukakaa watatu. Sahani ya Babu ilibaki imefunikwa. Mkuu aliitazama, akatikisa kichwa polepole, kana kwamba anasema: mnamwona mzee, pamoja na goti lile, bado anafunga! Mwalimu naye akarudisha kijiko kimoja cha wali kwenye bakuli. Niliona haya, maana wangu ulikuwa mlima. Nikaula hivyohivyo.

Nilipotoka barazani kunawa, niliona gambuti za Babu, zile anazovaa akienda shambani, hazipo. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imepiga sana huko juu Tukuyu. Kwetu jua lilikuwa linawaka, lakini mvua ya milimani hushuka kesho yake, na mto haupigi hodi. Na Babu akitaka kusali kwa utulivu huenda kwenye dungu, kile kichanja cha kuamia ndege katikati ya shamba letu la mpunga, kando ya mto.

Nikazunguka nyuma ya karakana nitazame. Mama yangu! Shamba halikuwapo. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalikuwa yamelifunika lote, yamefika kwenye migomba, yanatembea na magogo.

Nilikimbia mpaka mlangoni kwa mkuu, nikagonga kwa ngumi. Akafungua, akaweka kidole mdomoni. Kidole!

"Babu hayupo!" nilisema.

Akaelekeza kidole kilekile kikanisani, yaani yuko kule anasali. Hasira zikanipanda. "Nimetoka kuchungulia, hayumo! Gambuti hazipo! Mzee yuko kwenye maji, Bruda, hebu fungua mdomo!"

Mkuu akakimbia peku kwenda kupiga kengele.

Jirani yetu ana mtumbwi, nami nikakimbilia kwake. Alinitazama usoni tu, akachukua kasia. "Kaa chini, Bruda," alisema, "ukisimama unatuzamisha wote." Nilikaa, nikashika kingo zote mbili, nikasali Salamu Maria huku nikirukaruka maneno. Niliogopa maji. Niliogopa mamba. Lakini kilichonitetemesha meno ni hofu ya kukuta dungu halipo. Tayari kichwani nilikuwa natafuta maneno ya kuwaambia ndugu zake, na sikuyapata.

Dungu lilikuwapo, limelala upande. Babu alikuwa amekumbatia nguzo iliyobaki, maji kiunoni, gambuti amezifunga shingoni kwa rozari, midomo imekuwa ya majivu. Tulimvuta ndani kama gunia la mpunga.

"Ndaga," alimshukuru jirani kwa Kinyakyusa. "Ndaga fijo." Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama si yake.

Nilimvika shati langu, na kwa vile nilikuwa bado natetemeka, nikaanza kumgombeza. "Babu jamani, ungetuua kwa presha! Si ungepiga kelele?"

"Nimepiga mpaka koo likakauka. Mto nao unapiga za kwake." Akapumzika, akanipigapiga gotini, yeye ndiye ananituliza mimi. "Nilishakata tamaa. Halafu nikasikia kengele ya chakula. Nilifurahi, mjukuu wangu! Nikajisemea, haya, sasa wanakaa mezani, wataona sipo."

Jirani aliacha kupiga kasia, akanigeukia, akingoja niseme kitu. Nikakumbuka sahani yake iliyofunikwa na mlima wangu wa wali, nikainama, nikaanza kuchota maji mtumbwini kwa viganja, ingawa hayakuwa mengi.