Sauti Isiyomaliza Maneno Yake

Nakumbuka alasiri moja ya ukungu, mwanangu, nilipokuwa kidato cha pili, na mpaka leo nikiisimulia mwili unanisisimka. Wewe umekuja kulalamika kwamba virai na vishazi vya Kiingereza vimekushinda, na unataka mimi mwalimu mstaafu nikueleze kwa ufupi. Kwa ufupi sijui. Mimi vishazi nilifundishwa mara mbili, kwanza darasani, kisha msituni, na ni hii ya msituni iliyoniingia. Sogeza kigoda karibu na moto, baridi ya huku juu haina adabu.

Shule yetu ilikuwa bondeni, upande wa Soni, na nyumbani kwetu kulikuwa juu kabisa, msitu unapoanzia. Njia ilipanda katikati ya mashamba ya kabichi, ikaingia kwenye miti, halafu ikapita ukingoni mwa jabali. Ukichungulia chini ya jabali lile ulikuwa huoni kitu ila vilele vya miti. Siku za jua tulipita pale tukikimbizana. Ukungu ukishuka, hata mbuzi walisimama.

Mwalimu Hiza, aliyetufundisha Kiingereza, alikuwa mtu wa sauti ndogo na fimbo ndefu. Kirai, alituambia, ni maneno yanayokaa pamoja lakini ndani yake hakuna anayetenda kitu. "In the forest", msituni, basi. Umejua ni wapi, hujajua ni nani wala anafanya nini. Kishazi kina mtu na tendo lake. Navyo vishazi haviko sawa: kimoja kinajitosheleza, kingine kinasubiri mwenzake. "When the mist comes down", ukungu ukishuka. Haya, ukishuka, kisha? Akatupa vishazi vingi vya namna hiyo, vyote vya kusubiri, tukavimalizie nyumbani.

Mimi nilikuwa msomaji wa kupayuka. Nilipanda mlima nikitamka vishazi vyangu kwa sauti, mbele ya kabichi na mbele ya nyani. Nilijipa kazi hiyo pia ili nisiwaze. Mama yangu alikuwa amelazwa hospitali kule Lushoto tangu mavuno ya maharage, Shangazi ndiye aliyekuwa akimuuguza, nami nilibaki na Bibi, mama yake baba. Kila nilipouliza hali ya Mama niliambiwa "anaendelea", na neno lile nililichukia, kwa sababu hakuna aliyesema anaendelea kwenda wapi.

Bibi hakujua Kiingereza, lakini alikuwa na masikio. Siku moja alinisikia nikiingia uani na nusu zangu.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Mbona maneno yako yanapanda tu, hayatui?"

"Ndiyo masomo, Bibi. Nitayamalizia baadaye."

Akaacha kupepeta. "Msituni hatusemi maneno nusu, mjukuu wangu. Ukiyaacha yamekatika, atatokea wa kuyaokota."

Unajua huku kwetu, kabla ya simu, watu waliitana kutoka mteremko huu hadi ule. Na ukoo wetu ulikuwa na mwiko wake. Ukiitwa kwenye ukungu, husogei. Unasimama pale pale na kujibu, "Maliza!" Aliye mtu atamaliza: mimi fulani, mtoto wa fulani, niko mahali fulani, nataka hili. Asiye mtu hawezi kumaliza, alisema Bibi, atarudia mwanzo tu. Babu yangu aliitwa hivyo alipokuwa akitafuta ng'ombe, akaona aibu kumwuliza maswali mtu mwenye shida, akaenda. Walimkuta chini ya jabali, kofia ingali kichwani imekaa vizuri.

Nilicheka, mwanangu. Nilikuwa mwanakwaya wa usharika, nimepata kipaimara, nina kamusi. Nikamwambia Bibi hayo ni mambo ya zamani. Akachukua tena ungo wake, akasema, "Sawa. Lakini likumbuke hilo neno moja."

Basi alasiri ile niliyoanza kukusimulia, ukungu ulinikuta nimeshaingia kwenye miti. Ulikuja mzito, ukafuta njia, ukafuta shina la mti lililokuwa karibu na mkono wangu. Matone yalikuwa yakidondoka kwenye majani, ghafla yakaacha. Nilijitia ujasiri, nikaanza masomo yangu kwa sauti kubwa: "When the mist comes down..." Nikanyamaza nikitafuta mwisho wake.

Hapo nikaitwa.

Niliitwa kwa jina langu la nyumbani, ambalo Mama peke yake alilitumia. Sauti ilikuwa yake, na kikohozi kile kidogo alichokuwa nacho kabla ya kusema. Ikasema, kwa Kishambaa chetu cha jikoni:

"Nikirudi nyumbani..."

Furaha iliyonipata sijawahi kuipata tena. Nilijua kapona, katoka hospitali, kapotea ukunguni, ananitafuta. Nilitupa mkoba nikakimbilia kule sauti ilikotoka. "Mama! Niko hapa!"

"Nikirudi nyumbani..."

Ilikuwa sauti ile ile. Kikohozi kile kile, pumzi ile ile, mpando ule ule wa maneno, bila tofauti yoyote. Nikasimama. Sikuamini mwiko wa Bibi hata wakati huo, ninachokuambia ni kweli, ila mdomo wangu ulifunguka wenyewe.

"Maliza, Mama!"

Ikaja karibu kabisa na uso wangu, usawa wa macho yangu: "Nikirudi nyumbani..."

Nikakaa chini. Nilishika mizizi ya mti kwa mikono yote nikalia, nikisema maliza, maliza Mama, nakusikiliza. Sauti ilirudia na kurudia, kila mara ikipungua, hadi ikawa pumzi tu, hadi ikawa si kitu. Matone yakaanza tena kudondoka. Ukungu ulipopasuka, niliona kwamba mbele ya viatu vyangu majani yalikuwa yameishia, na baada ya majani hapakuwa na ardhi. Ile sauti iliyokuwa usoni pangu ilikuwa ikisema ikiwa hewani.

Nilifika nyumbani nikitambaa zaidi ya kutembea. Bibi alinisikiliza, hakusema "nilikuambia". Alinifunika kitenge, akachochea moto.

Kesho yake Shangazi alipanda mlima pamoja na mzee wa kanisa, na nilipomwona mzee wa kanisa nilijua. Mama alikuwa amefariki alasiri ile. Shangazi alisema, akifuta macho, kwamba kabla ya kwenda alikuwa akisema neno moja tu. Anaanza, "Nikirudi nyumbani," pumzi inakata, anaanza tena.

Nilipiga ukelele uliosikika hadi ng'ambo ya bonde. Baada ya maziko sikusema na Bibi. Nilikula chakula chake na sikumwamkia, jambo ambalo huku kwetu ni kama kumpiga. Hatimaye nikashindwa kulizuia, nikamfuata jikoni nikamwambia, "Alikuwa Mama, nawe ulinifundisha kumkatalia."

Bibi hakukasirika. Alivuta kigoda chake, magoti yetu yakagusana.

"Sijui alikuwa nani," alisema. "Hata babu yako sijui alimfuata nani, na nimeuliza maisha yangu yote. Ila mama yako angejua unakanyaga wapi, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kunyamaza. Na kama kweli alikuwa yeye, alisikia binti yake akimwambia maliza, nakusikiliza. Wangapi wanakufa hawajaambiwa hivyo?"

Tulilia pamoja siku hiyo.

Sasa sikia, mwanangu. Usiondoke kwa nusu ya habari. Simu ikikuandikia "kama unanipenda", kijana akikuambia "nikipata kazi", wewe usivae viatu. Simama uulize, kisha nini? Asiye na nia njema atarudia mwanzo. Na wewe mwenyewe, ukiwa na la kumwambia mtu wako, lifikishe mwisho angali anakusikia, usimwachie kazi ya kukumalizia. Mimi nimefundisha watoto wa watu kumalizia vishazi mpaka nimestaafu, na kile cha mama yangu bado nakijaribu. Nikirudi nyumbani nitakusuka. Nikirudi nyumbani tutapanda maharage. Nikirudi nyumbani usiniache tena. Vyote ni sahihi kwa Kiswahili na kwa Kiingereza, na hakuna hata kimoja ambacho ni chake.

Mungu akupe pumzi ya kutosha kuufikia mwisho wa maneno yako, na akupe mtu wa kukaa chini akayasikilize. Amina.