Machozi Yenye Kinanda

Jumapili iliyopita kwaya ya kanisa letu hapa Susuni ilionyesha igizo la nyimbo. Mzee mmoja aliigiza mume aliyefiwa na mke. Mwaka jana mzee huyohuyo alimzika mke wake bila kudondosha chozi, maana huku kwetu mwanaume aliyetahiriwa halii.

Ubeti wa pili ulimshinda. Alivua kofia, akajifunika uso nayo, mabega yakaanza kutikisika. Wanakwaya wenzake wakamzunguka na kumshika mikono, huku wakiendelea kuimba. Sisi tukapiga makofi.

"Huyu anajua kuigiza," akasema mzee wa mila niliyekaa naye benchi moja.

"Una hakika anaigiza, mzee?"

Akajifuta macho kwa mkono wa koti. "Sasa wewe ulitaka mwanaume alie kweli?"

Machozi ya mwanaume huku ni aibu, ila yakipigiwa kinanda yanakuwa kipaji.

Juzi nikamkuta mzee huyo wa mila kwenye mazoezi, anaomba nafasi katika igizo lijalo. Mwalimu wa kwaya akafurahi.

"Shikamoo, mzee. Wewe nakupa ufalme."

"Marahaba. Huyo mfalme analia?"

"Hapana, halii."

"Basi ufalme mpe mwingine."