Pasi Niliyoiweka Kaunta

Nakumbuka siku moja, mwanangu, duka la friji la Majengo, lilipokuwa bado duka pekee la kampuni yake, lilinuka samaki kuanzia mlangoni hadi kwenye televisheni za ukutani. Nakueleza kwa sababu jana ulikuja hapa na fulana ya kampuni hiyo hiyo, ukichekacheka, umepata kazi kwenye tawi lao la Himbi. Hongera. Sasa kaa unisikilize.

Enzi zangu, friji mbovu iliyorudishwa na mteja haikutengenezwa. Ilifutwa vumbi, ikarudishwa kwenye katoni, plastiki ikafungwa upya kwa pasi ya moto, ikauzwa kama mpya. Mpiga pasi nilikuwa mimi. Patron, bosi wetu, alinisifu kwa wepesi wa mkono wangu, nami, msichana mjinga wa miaka kumi na tisa, nikavimba kichwa.

Mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, alinunua friji niliyoifunga. Mtaji wake wote uliingia humo. Siku ya nne akarudi na beseni la sambaza zilizooza, akalitua juu ya kaunta.

"Mama, toka inje, batu banaangalia," patron akamwambia.

"Baangalie. Njo maana nimekuja." Kisha akanigeukia. "Na weye binti, nani alifunga ile katoni?"

Patron alinikazia macho. Nilijua nikisema kweli sina kazi, na kule nyumbani Ndosho wadogo zangu walikula kwa mshahara wangu. Nikaingia nyuma, nikaleta pasi, nikaiweka kando ya beseni.

"Ni mimi, mama. Na hii njo pasi yenyewe."

Nilifukuzwa papo hapo, na sijutii. Lakini wateja waliokuwa dukani hawakutoka. Walidai friji nyingine ifunguliwe mbele yao, ichomekwe, kikombe cha maji kiwekwe kwenye sehemu ya barafu, na walisimama pale mpaka maji yakaganda. Ndipo yule mama akaondoka nayo. Leo kampuni ina maduka matatu, na bado watu huenda kununua friji wakiwa na kikombe mkononi. Wauzaji wananuna. Wanune.

Basi, nasaha yangu ni hii: ukikabidhiwa pasi, kataa, hata ukiambiwa ndiyo desturi ya duka. Mteja akija na kikombe, mchotee maji wewe mwenyewe. Wakikufukuza, mlango wangu unaujua, na ugali upo. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, isifunge kamwe kitu ambacho huthubutu kukifungua mbele ya anayekinunua.